Gari Lililozaa Oili

Tulimzika baba mkwe wangu mwezi uliopita huko Mautuma, kwenye shamba alilonunua baada ya kustaafu, na mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti niseme kwa niaba ya wakaza wana. Nilisema machache, kwa sababu mwongozaji alikuwa akiangalia saa yake na mawingu kwa zamu. Nilipokuwa ninarudi kwenye kiti changu chini ya hema, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe ya kufuma alinivuta mkono wa nguo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ile gari iliachanga kuzaa?" Nikacheka. Nilicheka mazishini, mbele ya wafiwa wenzangu na mbele ya wachungaji wawili, na sikujuta. Mzee huyo alikuwa Fundi Hamisi, aliyetoka Mumias alfajiri hiyo ili aje kumzika mtu ambaye katika maisha yake alizungumza naye labda mara tano. Nilimpisha kiti, tukakaa, na wakati kwaya ikiimba mimi nilikuwa nimesharudi Amalemba, kwenye mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nikinuka oili mikononi.

Nimepita hamsini sasa na nimesimamia wodi za kujifungulia mbili. Wauguzi vijana huniuliza nilijifunza wapi kuzungumza na wakubwa bila kutetemeka, wakitarajia niwatajie chuo au semina. Mimi huwaambia nilijifunza chini ya boneti ya gari. Wanadhani ninatania, basi ninawaacha wadhani hivyo, maana kueleza vizuri kunataka muda. Leo ninao muda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu, Joel, alifanya kazi Nakuru na alikuja mwisho wa mwezi. Mimi niliishi kwa wazazi wake Amalemba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa upande wa juu wa boma, kupita nyumba kubwa. Nilipenda vile vyumba. Kimoja kilikuwa na kitanda na sanduku, cha pili kilikuwa na meza, stovu, na dirisha lililotazama mteremko wote wa boma hadi lango la chini. Lakini maisha yenyewe yalikuwa jikoni kwa Mama, yaani mama mkwe wangu, chumba cheusi kwa moshi nyuma ya nyumba kubwa, ambapo tuliponda, tulichambua, tulisonga obusuma, ugali wetu, na tulisikia kila kitu, kwa sababu ukuta uliotutenganisha na sebule haukufika kwenye bati. Nilipika mimi, Mama akapeleka. Baba akiingia jikoni kwa mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Hatukupeana mkono, hatukuketi chumba kimoja, na hakunitaja jina. Aliniita Sista, kama wagonjwa walivyoniita, na hata hilo alilipitisha kwa mkewe. Nikiwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, na beseni la nguo kiunoni, angesema, "Mama, mwambie Sista mvua inakuja." Mama angegeuka aniangalie, mimi ningeitikia, "Nimesikia, Mama," na nguo zikaanuliwa. Wageni waliotoka mbali walicheka. Kwetu ilikuwa heshima, na tuliishi nayo vizuri kuliko watu wengi wanaozungumza.

Gari lilikuwa lake. Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, kuukuu, lenye kiti cha dereva kilichoshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Baba alikuwa amestaafu udereva wa trekta za kuvuta miwa, na gari hilo ndicho kitu alichojipatia kwa ajili ya raha yake. Nilipoajiriwa katika kituo cha afya upande wa Malava, kwa mkataba wa mwaka mmoja, alisema kupitia Mama kwamba yeye hana pa kwenda, Sista aendeshe. Hakuishia hapo. Gari lilikuwa likilala chini karibu na lango, na mimi kila asubuhi ningelazimika kuteremka kwenye matope na viatu vyangu vyeupe. Wiki nzima nilimwona kwa dirisha akichimba kwa jembe, akipasua njia hadi mbele ya mlango wangu. Hakumaliza kusawazisha, udongo ule una mawe, lakini gari lilifika, likalala pale kila siku pua ikitazama juu. Sijawahi kupewa zawadi ya harusi iliyonigusa kama ile. Niliingia ndani nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini na viatu safi.

Miezi mitatu hivi baadaye gari lilianza kutoa moshi. Moshi wa samawati, mzito, wenye harufu ya sufuria iliyosahauliwa na mafuta motoni. Nikipanda kilima cha mwisho kabla ya kituo, nyuma yangu hapakuonekana. Akina mama wajawazito waliokaa kwenye benchi nje walizoea, wakawa wanaambiana, "Sista ameingia, ona moshi yake." Kila Jumamosi, asubuhi, nilifungua boneti mbele ya mlango wangu, nikavuta kile kijiti cha kupimia oili, na kila Jumamosi oili ilikuwa chini ya alama. Nikaongeza lita moja. Jumamosi iliyofuata, chini tena. Nilikuwa nimefunzwa kuheshimu kipimo, kwa hiyo sikuwa na shaka na macho yangu. Gari linakunywa oili, basi. Kijana mmoja wa kuosha magari mjini alisema ringi za pistoni zimekwisha. Fundi wa pili alisema vivyo hivyo, na wala hakuinuka pale alipokuwa ameketi. Joel kwa simu alisema gari la zamani ni la zamani, tusiumize kichwa.

Nilikuja kuumiza kichwa siku ya Alhamisi moja, jioni, nikichambua mrenda jikoni. Baba na Mama walikuwa sebuleni wakinywa chai, na sauti yake ikapita juu ya ukuta kama kawaida. "Hii gari haikuwa inakunywanga oili hivi," alisema. "Imeanza na huyu. Anakanyaga sana. Ameiua."

Mama akasema, "Si anaenda kazi?"

"Kuna mtu wa Matungu anaitaka. Atakuja Jumapili ya wiki ingine. Aichukue ikiwa bado inatembea. Sista atafute kazi hapa karibu."

Kazi hapa karibu haikuwepo, nilikuwa nimeitafuta miezi kadhaa kabla ya kwenda Malava. Zamu ya asubuhi ilianza saa moja kamili, muuguzi wa usiku hakutoka mpaka wa mchana aingie, na msimamizi wetu alikuwa ameshanieleza kwamba mkataba wangu utaongezwa au utakatwa kwa kuangalia kitabu cha mahudhurio. Bila gari ningechelewa kila siku. Kupanga chumba Malava nako Mama alikuwa amekukataa mapema, na hakuwa mkali, alisema tu kwamba bibi harusi akilala kwingine kabla ya mwaka kuisha, watu watasema ameachika. Kwa hiyo likiuzwa gari, imekwenda kazi. Na niongeze hili, kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi wakati ule: ingekwenda na sifa kwamba mimi ndiye niliyeliua. Niliendelea kuchambua mrenda. Nilijua nimelitunza gari lile, na nilikasirika vizuri, ile hasira inayomfanya mtu afikiri.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nilikwenda kwa Fundi Hamisi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kiwanja cha udongo ulioshindiliwa, sawa kama sakafu ya kanisa. Alikuwa mtu mfupi, taratibu, anayenawa mikono kabla ya kugusa gari na baada yake. Nilimsalimu, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mume wangu huko Nakuru, ndipo akauliza, "Sasa mgonjwa anasikia wapi?" Nilimpenda hapo hapo. Aliuliza maswali kabla ya kushika chochote, kama tulivyofunzwa sisi. Moshi unatoka saa ngapi, gari likiwaka baridi, likiteremka, au likipanda? Kuna doa la oili chini ya gari asubuhi? Lilianza lini? Nikamjibu kwamba moshi ni kila wakati ila kupanda ndiko kubaya, kwamba niliweka kartoni chini usiku mzima na ikalala kavu, na kwamba yote yalianza baada ya mimi kuolewa. Akatabasamu kwa hilo la mwisho, lakini alilisikia.

"Waliniambia ni ringi," nikasema.

"Waliona na macho ya nani?"

Alifungua plagi zote nne. Zilikuwa nyeusi na zimelowa. Kisha akachukua geji ya kupimia mgandamizo wa hewa, akaniambia nikae ndani nipige stata, akapima silinda moja baada ya nyingine. Zote nne zilitoa nguvu ile ile, karibu sawa na injini changa. Akanionyesha sindano ya geji, na mimi ambaye nilikuwa nimepima shinikizo la damu la mamia ya watu nilielewa bila tafsiri. Ringi zikiisha, hewa huvuja na sindano huanguka. Haikuanguka. "Hii injini iko na kifua kizuri kuliko yangu," alisema. Kisha akang'oa mpira mmoja unaotoka juu ya injini kwenda kwenye chombo cha kuchujia hewa, mpira ambao injini hupumulia, akauinamisha juu ya kiganja. Oili ikamiminika, kijiko kizima. Chujio la hewa nalo lilikuwa limelowa kama andazi. "Umeona? Haikunywi. Inatapika. Halafu inavuta matapishi yake, inachoma, ndio moshi."

"Inatapika kwa nini?"

"Wewe ndiye daktari. Mtu anatapikanga kwa nini?"

Nikasema ni mgonjwa, au ameshiba kupita kiasi. Akavuta kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakitoa, akakishika mlalo kwenye jua. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Akaniangalia kwa upole ambao ulinikera. Nikamwambia mimi hupima kila Jumamosi na huwa chini, na mtu anayepimia watoto dawa ya sindano hawezi kushindwa na kijiti. Hakubishana. Alilala chini, akapunguza oili hadi kwenye alama, akaosha ule mpira, akabadilisha chujio, akasema, "Usiongeze. Hata tone. Hata ukiona iko chini, usiongeze. Rudi Jumanne." Akanieleza pia kwa nini si jambo la mchezo. Oili ikizidi, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini huipiga kama mtu anayekoroga mayai, ikawa povu, na povu halilindi chuma. Gari hutoa moshi kwanza, kisha siku moja hugonga, kisha hunyamaza.

Sikuongeza hata tone. Jumamosi kijiti kiliniambia oili iko chini, nikakitazama, nikakirudisha. Jumatatu nilikwenda kazini bila moshi, wale akina mama wa benchi wakaniuliza nimekuja na nini. Jumanne jioni niliingia karakana ya Hamisi nikiwa na kichwa juu. Alisubiri injini ipoe, tukanywa chai ya rangi na viazi vitamu tukiwa tumeketi kwenye mbao zake, akavuta kijiti. Oili ilikuwa juu ya alama. Upana wa kidole kizima. Akarudia mara mbili. Akainusa, akaisugua kati ya vidole, akainusa tena. Haikuwa na petroli ndani yake, wala maji. Ilikuwa oili mpya, safi, rangi ya asali.

"Sista," alisema, "gari ya watu inakunywanga oili. Yako inazaa."

Nikaapa sijaweka. Akasema anajua, ndiyo sababu aliniambia nisiweke. "Mgonjwa amepona wodini. Amerudi nyumbani, ameugua tena. Nyinyi huwa mnauliza nini?"

Nikasema tunauliza nyumbani anakula nini.

"Na nani anampikia," akamalizia Hamisi, akaenda kunawa mikono.

Jumatano niliamka kabla ya jogoo wa Mama. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha langu bila kuwasha taa, na mwanga ulipoanza tu kutenganisha mti na ukuta nilimwona Baba akipanda boma, taratibu, amevaa koti lake la kazi la zamani, na kopo mkononi. Alifungua boneti bila kelele, kama mtu anayefunua chakula cha mtoto aliyelala. Akavuta kijiti, akakiangalia kwa karibu sana, akatikisa kichwa. Akamimina. Akapangusa alipodondosha kwa kitambaa, akafunga, akabonyeza boneti kwa viganja viwili ili isilie, akateremka. Mtu wa trekta. Trekta isiyopimwa asubuhi haiingii shambani, niliwahi kumsikia akimwambia Mama hivyo juu ya ukuta. Alikuwa ameamini kwamba gari alilonipa linakufa, na kila alfajiri alipanda kile kilima kulitia uhai kidogo ili nifike kazini, na hakuweza kuniambia, kwa sababu, ingawa kwa Mama alinilaumu mimi, kuniambia kungekuwa kukiri kwamba alinipa kitu kibovu.

Aliposhuka, nilitoka nikavuta kijiti mwenyewe. Kilisema chini ya alama, hata baada ya kopo lake. Nikaliteremsha gari polepole hadi barabarani, mahali sawa, nikasubiri, nikavuta tena. Kilisema juu ya alama, vidole viwili. Hapo nilielewa kila kitu kwa mara moja. Gari likilala pua juu, oili yote hukimbilia nyuma ya injini, na kijiti, ambacho kiko mbele, hubaki kimetundikwa karibu na hewa tupu. Mimi nilipima pale na nikaongeza. Yeye alipima pale pale na akaongeza. Hakuna aliyekosea kusoma. Tulikuwa tumedanganywa sote wawili na mahali pale alipochimba kwa mikono yake ili viatu vyangu visichafuke.

Ningependa kusema nilimwendea siku hiyo hiyo. Sikumwendea. Nilimweleza Mama Alhamisi, tukisonga obusuma, nikimwomba apeleke ujumbe kama alivyopeleka mvua na nguo. Alisikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi. "Hiyo mimi sipeleki," alisema.

"Kwa nini, Mama?"

"Nikimwambia mimi, atajua wewe umemwona. Atajua mimi najua. Halafu atajua tumeongea. Aibu itakuwa tatu. Mwambie mwenyewe, ikuwe moja."

"Mkaza mwana anamwambia baba mkwe vipi kitu kama hiyo?"

"Na mdomo," akasema Mama, akageuza obusuma kwenye sahani.

Ijumaa niliendesha gari likiwa limejaa kopo la Alhamisi na kopo la Ijumaa. Nilijua lilivyo, na nikaliendesha. Kwenye kilima cha mwisho moshi uliziba barabara hata dereva wa trekta ya miwa aliyekuwa nyuma akasimama, akaja mbio na mtungi wa maji akidhani ninaungua. Nilimshukuru. Nilipokaa tena kwenye usukani nilisikia sauti ndogo ndani ya injini, kugonga kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi akiwa na wasiwasi kama amefika nyumba yenyewe. Niliendesha sehemu iliyobaki kwa mwendo wa baiskeli. Siku hiyo nilizalisha watoto wawili na akili yangu haikutoka kwenye sauti ile. Jumapili mnunuzi anakuja. Nikinyamaza, gari litauzwa na kazi yangu itakwenda nalo. Likikosa kuuzwa, litakufa kwa kopo la alfajiri. Njia zote mbili zilipita kwenye mdomo wangu uliofungwa. Nimewaona wanawake wakifa, baadaye katika kazi hii, kwa sababu walimwonea haya mtu waliyepaswa kumwambia kwamba damu haijakata. Kila mara nimeikumbuka Ijumaa ile, na kila mara nimewasema wauguzi wangu kwa ukali ambao hawaelewi unatoka wapi.

Jumamosi alfajiri niliteremsha gari mapema kuliko yeye, nikalisimamisha nje ya lango mahali sawa, nikafungua boneti, nikasimama kando yake na kitambaa mkononi. Baba alipanda boma na kopo lake kama kawaida. Nilimwona akifika pale juu, akikuta mahali patupu, akisimama. Akageuka. Akaniona huku chini. Kwa muda nilidhani ataingia ndani, na nadhani yeye pia alidhani hivyo. Kisha akashuka, akapita lango, akasimama upande wa pili wa gari, kopo bado mkononi, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kulificha.

"Mulembe, Baba," nilimsalimu.

"Mulembe muno." Aliangalia injini, hakuniangalia mimi.

"Baba, naomba upime. Hapa."

Akaweka kopo chini. Akavuta kijiti, akakipangusa kwa kitambaa nilichomwekea juu ya fenda, akakirudisha, akakitoa. Oili ilipanda kijiti hadi ikapita alama zote mbili na kuendelea. Akarudia. Akainama akatazama barabara, kisha akainua macho akatazama kilima cha boma, mahali palipochimbwa, na sikulazimika kueleza chochote. Mtu aliyeendesha trekta kwenye miteremko maisha yake yote anajua oili hukimbilia wapi. Nilimwona akijua. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyepokea simu ya habari mbaya.

"Nimekuwa nikiweka mimi," alisema.

"Na mimi, Baba. Kila Jumamosi. Tumeweka wote."

"Injini ni nzima?"

"Ni nzima. Fundi amepima. Ringi ni nzima. Lakini jana imegonga kidogo."

Akakirudisha kijiti mahali pake. "Umejua lini?"

"Jumatano. Nilikuona kwa dirisha."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndio, Baba."

"Siku tatu unaendesha gari imejaa hivi, unaskia inagonga, na unajua?"

"Niliogopa kukwambia. Niliona ni kukosa heshima."

Alishika ukingo wa gari kwa mikono miwili, akainamisha kichwa chini ya boneti, na nilidhani amekasirika. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile niliyoizoea juu ya ukuta, ila safari hii haikupita kwa mtu. "Basi injini ingekufa kwa heshima," alisema. "Yangu na yako." Akaenda nyumbani, akarudi na beseni na spana, akalala kwenye barabara na koti lake lile. Mtu wa umri wake. Nilitaka kumzuia, akasema nimshikie beseni, nikashika, na hivyo ndivyo tulivyojikuta vichwa vyetu viko chini ya gari moja, jambo ambalo Mama, aliyekuwa amefika langoni, alilishuhudia kwa macho yake. Oili iliyozidi ikatoka, nyeusi, nyingi, yenye povu. Akafunga, akapima, akafungua tena kidogo, akapima, mpaka ikakaa kwenye alama. Alipoinuka, akipangusa mikono kidole kimoja kimoja, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kuna kitu kingine unanyamazia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningekuwa mkaza mwana mzuri sana. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo asubuhi ile na haukukubali kufungwa. Nikamwambia nilimsikia Alhamisi ya wiki iliyopita, nikiwa jikoni, akisema kwamba nimeliua gari kwa kukanyaga. Nikamwambia kwamba sikanyagi, kwamba likiuzwa mkataba wangu unakatika, na kwamba nimewapenda watu wa kule na kazi ile ninaiweza kweli kweli. Nilisema yote bila kulia, na ninajivunia hilo hadi leo. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso yake.

Baba aliangalia mikono yake. "Nilisema," alijibu. "Nilikosea, Sista." Alinitazama alipotamka hivyo, usoni, kwa mara ya kwanza tangu niingie katika boma lile, na sijui mkwe mwingine wa rika lake, katika ukoo wowote ninaoujua, ambaye aliwahi kumwambia mke wa mwanawe maneno hayo barabarani, jua likichomoza, majirani wakipita na madumu ya maziwa. Siku ile ile alichukua jembe, na kabla ya chakula cha mchana ardhi mbele ya mlango wangu ilikuwa imesawazishwa, mawe yote yameng'olewa na kupangwa kando.

Yule mtu wa Matungu alifika Jumapili baada ya ibada, amevaa suti, akiwa na mwenzake wa kumsaidia kulisukuma gari kama lingekataa kuwaka. Nilipeleka chai sebuleni mwenyewe, kwa kuwa Mama alisema miguu inamuuma, ingawa miguu ile ilikuwa imetoka kanisani bila taabu. Mgeni alikuwa akiuliza kuhusu moshi, akisema kila mtu mjini anajua gari hilo limekwisha, ringi hazipo, na kwamba yeye anawasaidia tu kwa kulichukua. Baba alimwacha amalize. Akamsogezea kikombe, akamwambia gari haliuzwi. Mgeni akauliza kwa nini, wakati injini imekufa.

"Kwa injini muulize huyu," Baba akasema, akinionyesha kwa mkono wazi. "Ndiye anaijua."

Wageni wote wawili wakageuka kunitazama, na mimi nikawaeleza.